Watoto wa Ukutani

Mkuu wetu wa shule alikwenda semina, akarudi na pumzi. Sitanii. Wenzake wakienda semina hurudi na begi jipya na kalamu mbili tatu. Yeye alirudi akatukusanya katika chumba cha walimu, akatutangazia kwamba kuanzia Jumatatu kila kipindi cha kwanza kitaanza kwa dakika chache za utulivu. Watoto wakae wima, nyayo sakafuni, mikono mapajani, wafumbe macho na kusikiliza pumzi zao zikiingia na kutoka. Mwalimu naye afanye hivyo hivyo. Asifumbue mtu macho wala kusema neno mpaka mwalimu aseme, "Fumbueni macho."

"Akili ikitulia ndipo elimu inapata pa kukaa," alisema. "Na mwalimu akiwa mpole kwa nafsi yake, atakuwa mpole kwa watoto."

Mimi nilikuwa nimeketi nyuma kabisa, kando ya lile kabati lisilofungika. Nikamnong'oneza mwenzangu, "Kumbe miaka yote hii tulikuwa hatupumui." Huyo mwenzangu ni mwalimu wa jiografia. Tunamwita Jirani, kwa kuwa meza zetu zimepakana na ramani zake humwagikia kwangu kila siku. Jirani akaficha kicheko ndani ya kikombe. Mkuu alituona. Mkuu huona kila kitu, ila hasemi papo hapo, huweka.

Na kwangu alikuwa ameshaweka kitu. Muhula uliopita nilisinzia nikisimamia mtihani. Nilikaa ili kupumzisha miguu tu, basi. Nilipozinduka Mkuu alikuwa amesimama mlangoni, na nusu ya darasa wamepinda shingo kusoma majibu ya wenzao. Mtihani ukafutwa, watoto wakarudia. Nikapewa onyo, na Mkuu akanieleza kwa sauti ya kawaida, ambayo kwake ni mbaya kuliko ya ukali: nikikutwa tena nimelala kazini, nafasi yangu atapewa mwingine. Sikujitetea. Ningesema nini, na kweli nililala?

Ukweli ni kwamba nyumbani silali. Ninaishi na mama yangu. Alifundisha watoto wadogo maisha yake yote, na sasa kumbukumbu zimemtoka, moja baada ya nyingine, mpaka jina langu. Mchana ni mpole. Anakaa naye mama mmoja ninayemlipa, wanachambua mboga, wanacheka. Jua likizama tu, anaanza. Anavaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto, anachukua mkoba wake wa kazini, anasimama mlangoni.

"Nifungulie. Watoto wangu nimewaacha wamesimama."

"Watoto gani, mama? Ulishastaafu."

"Wamesimama ukutani. Sijawaambia wakae."

"Hakuna watoto, mama. Hakuna mtu amesimama."

"Wewe ni nani unizuie?"

Hivyo hivyo mpaka kunakucha. Nimeficha viatu, nimebadili kufuli, nimempa maziwa moto. Maziwa ni ushauri wa kaka yangu, ambaye anamlea mama kwa simu. Akipiga huuliza, "Mama hajambo?" nami humjibu hajambo, kwa kuwa nikianza kueleza mtandao wake husumbua. Maneno ya mama nilikuwa nimeyazoea kama mlio wa jokofu. Kitu ukikisikia kila siku hukisikii tena. Nilichojua ni kimoja tu, kwamba kazi yangu ikipotea, yule mama wa mchana ataondoka, na mimi na mama tutabaki tukitazamana.

Kwa hiyo pumzi za Mkuu zilinikuta pabaya.

Ninafundisha hisabati darasa la mwisho, wale wanaongoja mtihani mkubwa. Nina utaratibu wangu, na nimeurithi kwa mama kama wengine wanavyorithi shamba. Kwangu mtoto hachapwi wala hatukanwi. Akisinzia, ninapiga meza kwa kifutio cha ubao, paa, anashtuka, anakwenda kusimama kwenye ukuta wa nyuma mpaka usingizi umtoke. Hahitaji kuambiwa. Najua wananiita Mama Ukuta, na wao wanadhani sijui. Waache waite. Samaki mkunje angali mbichi, na hesabu haziingii kwa mtu aliyelala.

Mteja mkuu wa ule ukuta alikuwa msichana mmoja mwembamba wa safu ya pili. Wenzake walimpa jina la Popo, kwa sababu mchana wote yuko usingizini. Nilimpigia kifutio karibu kila asubuhi. Hakuwahi kununa. Alikuwa akiinuka, akichukua daftari lake, akienda zake nyuma, na huko alifanya hesabu akiwa amesimama, daftari limebandikwa ukutani. Alizipata pia, jambo lililoniudhi zaidi. Nikajiambia, kumbe akili anazo, ni uvivu tu.

Wiki za kwanza za utulivu nilizitumia kusahihisha. Watoto wanafumba macho, mimi ninapitisha kalamu nyekundu. Nikimaliza daftari kadhaa ninasema, "Fumbueni macho," tunaendelea na maisha. Watoto nao walicheka mwanzoni, wakachoka kucheka, wakazoea. Kuna waliopenda hasa. Kiranja wao, kijana mrefu mwenye masikio makubwa, aliniambia siku moja kwamba zile ndizo dakika pekee ambazo hakuna anayemuuliza kitu. Nikamwambia akae chini nimuulize kitu.

Halafu ikaja ile Alhamisi. Mama alikuwa amenikesheza, na safari hiyo alilia. Alinishika kanga akaniomba kama mtoto, mlango, mlango, watoto miguu inawauma. Asubuhi nilifika shuleni nimevaa sweta nje ndani. Jirani alilitazama, akanigeuzia kola tu. Nikaingia darasani. Popo alisinzia hata kabla sijamaliza kuandika tarehe, nikapiga kifutio, akaenda ukutani. Nikawaambia wengine, "Haya, kaeni wima, fumbeni macho."

Sikuwa na daftari za kusahihisha. Nikakaa. Nikaweka nyayo sakafuni kama tulivyoelekezwa, nikaweka mkono mezani, nikafumba macho nami. Nikasema moyoni, hebu leo nizisikilize hizo pumzi tuone zinasema nini. Nilizisikia mbili, labda tatu.

Kilichoniamsha ni kengele.

Nilidhani ni kengele ya kuanza. Kisha nikaona jua limeshahama kutoka dirishani limefika kwenye ubao, na ubao mtupu, tarehe peke yake. Ilikuwa kengele ya kumaliza. Shavu langu lilikuwa juu ya mkono, na mbele yangu darasa zima limekaa wima, nyayo sakafuni, mikono mapajani, macho yamefumbwa. Wote. Vijana ambao mwenzao akipiga chafya hucheka mpaka kipindi kiishe. Nyuma, Popo alikuwa amesimama ukutani, macho wazi, ananitazama.

Nikasimama.

"Fumbueni macho."

Wakafumbua. Wengine walipepesa kwa mwanga, mmoja alinyoosha shingo ikalia. Hakuna aliyecheka. Nilingoja kicheko kwa sababu kicheko ningejua la kukifanya.

"Kwa nini hamkuniita?" nikamuuliza kiranja.

"Hukusema tufumbue, mwalimu."

Akasema hivyo kwa adabu kabisa, akakusanya vitabu vyake.

Katika chumba cha walimu nilimkuta Mkuu ananingoja, na pembeni yake Mama Mkaguzi, yule mnene mwenye sauti ndogo anayekuja kutukagua kila muhula. Nikajua yamekwisha. Nikaanza kufikiria nitamwambiaje mama, kisha nikakumbuka kwamba mama hata nikimwambia hatanielewa, na hilo lilinipa nafuu ya ajabu.

Mkuu akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, tumepita dirishani kwako," akasema. "Tumesimama pale kitambo. Kipindi kizima! Darasa zima limetulia, na wewe mwenyewe umeinamisha kichwa umezama ndani ya utulivu pamoja nao. Sijawahi kuona."

"Mimi nimepita shule nyingi," alisema Mama Mkaguzi. "Huwa naona watoto wamefumba macho na mwalimu anasahihisha daftari. Leo nimeona kitu kingine."

Nilifungua mdomo. Nawaambia kweli, nilifungua mdomo niseme. Lakini lile onyo lilikuwa ndani ya kabati la Mkuu, na mama alikuwa nyumbani anachambua mboga. Nikasema, "Asante."

Wakapanga papo hapo. Wiki inayofuata Mama Mkaguzi ataleta wakuu wa shule nyingine waje wajifunze kwangu. Mkuu alitoka akipiga mluzi.

Jirani alikuwa mezani kwake muda wote ule. Walipotoka akavuta kiti chake karibu na changu.

"Huo utulivu wako," akasema, "umekuachia alama ya saa shavuni."

Nikajishika shavu. Kweli, mkanda wa saa ulikuwa umechapa pale, kila tundu linahesabika.

"Wameona?"

"Watu wakiwa na furaha hawaoni shavu." Akanisogezea kikombe chake cha chai. "Nyani haoni kundule, Mama Ukuta. Leo ni nani angekupigia kifutio?"

"Nyamaza, Jirani."

"Nimenyamaza. Lakini wale wageni wakija utafanyaje?"

Chai ilikuwa ya baridi, nikainywa yote.

Siku iliyofuata, kipindi kilipoisha, nilimzuia Popo. Alisimama mbele ya meza yangu, begi amelikumbatia kifuani, anangoja kosa lake.

"Jana ulikuwa ukutani. Uliona nini?"

"Nilikuona wewe, mwalimu."

"Nikifanya nini?"

Akatazama sakafu. Hakutaka kulisema, na hakutaka kusema uongo, nikaona anahangaika kati ya hayo mawili. Nikamwokoa.

"Mbona hamkuniamsha?"

"Kuna waliotaka. Mmoja alichungulia, akageuka nyuma akitaka kucheka, nikamtikisia kichwa." Akalikaza begi. "Mtu akiamshwa ghafla, mwalimu, kichwa kinamuuma siku nzima. Moyo nao unakwenda mbio. Mimi najua."

Alisema bila lawama, kama anayenielekeza duka la karibu. Kifutio kilikuwa mezani kati yetu. Nikakisogeza pembeni, sijui kwa nini.

"Usiku unafanya nini wewe usilale?"

"Mama anafanya usafi hospitali, zamu ya usiku. Mimi nabaki na mtoto. Anaota meno."

"Na baba?"

"Hayupo."

Nikamwambia aende zake. Ningetaka kuwaeleza kwamba nilimkumbatia, kwamba nilimpa neno zuri. Sikumpa. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka huruma yake hutoka imechelewa, kama maji ya bomba la ghorofa ya juu. Nilibaki nimekaa pale nikiwaza mtoto anayeota meno na mwanamke mzima anayetafuta viatu. Nikaona kwamba mimi na yule msichana tumekuwa tukikutana kila asubuhi tukitoka kazi ile ile, na mimi ndiye niliyekuwa na kifutio.

Wageni walikuja. Mkuu alikuwa amepaka ofisi rangi na kuvaa suti ya harusi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Jirani akipita na ramani zake, akanigusa bega. Viti vya wageni vilipangwa nyuma ya darasa, vimeegemea ukuta kutoka kona mpaka kona. Kwa hiyo siku hiyo ukuta haukuwepo. Popo alikaa mahali pake, safu ya pili.

"Kaeni wima," nikasema. "Fumbeni macho."

Safari hii nilibaki nimesimama, nimejibana kucha kwenye kiganja. Wageni nao walifumba macho, wengine wakichungulia. Kukawa kimya. Ni kimya kizuri, siwezi kukataa. Ulisikia mtu akifua huko nje ya ukuta wa shule, maji yanamwagwa, ndoo inawekwa chini.

Nikaona shingo ya Popo inalegea. Ikainuka, ikalegea tena, kisha akalaza kichwa juu ya mkono taratibu, na baada ya muda pumzi yake ikaanza kusikika. Haikuwa kukoroma, bali ile pumzi nzito ya mtu aliyekwenda mbali. Mgeni mmoja aliguna kwa kicheko. Mwingine akamgusa mwenzake.

Mkuu alikuja mbele kwa ncha za viatu.

"Nani huyu?" alininong'oneza. "Anatuaibisha. Mtoe nje, na kesho asikanyage hapa bila mzazi."

Nilimfikiria huyo mzazi. Saa ile ndiyo kwanza ameweka ubavu chini.

Mkuu hakungoja. Shule nzima inajua ninavyoamsha watoto, na yeye pia. Akanyoosha mkono achukue kifutio mezani. Mkono wangu ukawahi.

"Mwache, Mkuu."

"Mwalimu, wageni wanatazama."

"Watazame. Ukimtoa yeye, nitoe na mimi." Sikunong'ona tena. Sauti ilitoka yenyewe, ya kawaida kabisa, ile ninayofundishia. "Siku ile mlipopita dirishani sikuwa nimezama ndani ya utulivu. Nilikuwa nimelala. Nililala kipindi kizima, na watoto wakanyamaza ili nilale."

Mkuu alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni wake.

"Unajua unalosema?" akaniuliza polepole. "Unajua kilichomo ofisini kwangu?"

"Najua. Onyo unalijua, nami nalijua."

Mama Mkaguzi aliinuka kule nyuma. Alitembea katikati ya madawati kwa mwendo wake mzito, akasimama mbele, akaligeukia darasa.

"Watoto, anayosema mwalimu wenu ni kweli?"

Hakuna aliyejibu. Walikuwa wamekaa wima, nyayo sakafuni, macho yamefumbwa. Walikuwa wamesikia kila neno, niliona masikio ya kiranja yamesimama. Mmoja alikuwa anauma mdomo. Machozi yalimtiririka binti mmoja wa mbele na hakuyafuta.

"Hawajibu," akasema Mama Mkaguzi.

"Sijawaruhusu."

"Basi waruhusu."

Nilimtazama Popo. Nikisema neno lile, viti vitaburutwa, madawati yatagonga, ataamka kwa kishindo mbele ya suti zote zile. Wale wengine wangekaa hivyo mpaka jioni kama nisingesema kitu. Sikuwafundisha mimi jambo hilo. Nimewafundisha hesabu tu, na nyingine wamezisahau.

"Nakuomba, mama," nikasema. "Tungoje kengele. Si muda mrefu."

Mkaguzi alimtazama yule msichana, akanitazama mimi. Kisha akakaa kwenye ncha ya dawati la mbele, dawati likalia, akaweka mikono mapajani. Akangoja. Wageni nao wakangoja, watagomea nini na mkubwa wao amekaa. Mkuu peke yake alibaki amesimama, mkono bado umenyooka kidogo kuelekea kifutio.

Kengele ilipolia Popo aliinua kichwa. Akaona wageni, akaona Mkuu, akaniona mimi. Alichukua daftari lake, akainuka, akaelekea nyuma kwenye ukuta wake kama kawaida. Alipofika akakuta ukuta mzima una watu wamevaa tai. Akasimama mbele yao na daftari lake, hana pa kwenda, na wakuu wa shule wale wakubwa wakaanza kubana magoti yao kumpisha.

"Rudi ukae, mwanangu," nikamwambia. "Hakuna anayesimama tena." Kisha nikawaambia wengine, "Fumbueni macho."

Ofisini kwa Mkuu sikuombwa kukaa, nikakaa. Mama Mkaguzi alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio.

"Siku ile niliandika kwamba darasa lilitulia kipindi kizima bila mtu kulilazimisha," akasema. "Nikifuta, nitakuwa nimefuta ukweli. Nitaacha hivyo."

"Lakini mama, mwalimu alikuwa amelala," akasema Mkuu. "Nilishamwonya. Nifanye nini na onyo langu?"

"Hilo ni lako. Mimi nakumbuka umeniambia kwamba mwalimu akiwa mpole kwa nafsi yake atakuwa mpole kwa watoto. Au nilisikia vibaya?"

Mkuu alikaa akizungusha kalamu yake ya semina. Mkaguzi alipoondoka, aliniuliza, bila kunitazama, "Nyumbani kuna nini?"

Nikamwambia. Nilieleza mlango, viatu, mkoba, kila kitu, na sikulia, nilikuwa kama ninasoma matangazo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua ratiba ukutani, akaniondolea vipindi vyote vya kwanza, akampa Jirani. Mimi nitaingia baada ya mapumziko. Onyo halifutwi, alisema, linabaki palepale, na nikilala tena hatakuwa na la kunisaidia. Sijui kama ile ilikuwa adhabu au huruma. Nilikuwa nimechoka hata sikuweza kujua tofauti. Nikasema asante, na safari hii neno lilikuwa la kweli.

Nilifika nyumbani jua likizama. Yule mama wa mchana alikuwa ameshafunga kanga yake anataka kwenda. Mama yangu alikuwa mlangoni, viatu vimegeuka, mkoba mkononi.

"Nifungulie. Watoto wangu nimewaacha wamesimama."

Nilikuwa na jibu mdomoni, lile la kila siku. Hakuna watoto, mama. Likakwama. Nilimwona Popo na daftari lake, amesimama mbele ya magoti ya watu. Na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa umwanze, nilimsikia mama anachosema. Alikuwa akisema jambo la kweli. Aliwasimamisha watoto ukutani miaka yote ile, wa miaka saba, wa miaka minane, na katika yote yaliyomtoka kichwani hao ndio waliobaki. Alikuwa hajawaambia wakae.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

Akanitazama kwa makini. "Marahaba."

"Nimetoka darasani kwako sasa hivi. Nimewaambia wakae."

"Wamekaa?"

"Wamekaa wote."

"Na yule wa mwisho?" Akanishika mkono, vidole vyake vimekaza. "Yule mdogo, anayesinzia?"

"Amelala, mama. Amelaza kichwa kwenye dawati."

Alifikiri. Nilimwona anafikiri, uso wake ukawa ule wa zamani, wa kazini.

"Usimwamshe," akasema.

"Simwamshi."

Akanipa mkoba. Nilimvua kiatu kimoja, cha pili akavua mwenyewe, tukaenda chumbani tumeshikana. Alilala hata sijazima taa, anapumua vizuri. Mimi nilikaa ukingoni mwa kitanda nimngoje ainuke, kama kawaida yetu. Hapo ndipo nilipolia, kwa sababu maneno yenyewe yalikuwa machache hivyo, na alikuwa ameniomba muda wote huo.

Asubuhi ni yeye aliyeniamsha. Nilikuwa nimelala pale pale na viatu miguuni. Alinishika bega taratibu, akangoja nifumbue macho, akaniuliza mimi ni mwalimu wa shule gani.